Rwagasore: Mwana wa Mwami aliyebandikwa ukomunisti

MFANYABIASHARA anayevuka Kobero na kupita Muyinga kuelekea Mutoyi na Gitega huenda ameshika sura ya Louis Rwagasore mara nyingi, kwani ilichapwa kwenye noti ya faranga 10,000 iliyotoka mwaka 2004. Namna alivyochafuliwa jina kabla ya kuuawa hukumbukwa na wachache.

Alizaliwa Gitega Januari 10, 1932, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida, Rwanda, kisha Ubelgiji. Mwaka 1957 alianzisha ushirika ili wenyeji nao washike biashara. Waswahili wa Usumbura (ndiyo Bujumbura ya leo), wengi wao wachuuzi, wakawa miongoni mwa wafuasi wake wa mwanzo. Ushirika ulipoingia kwenye madeni, wakoloni wakapata la kusema.

Lakini silaha yao kubwa ilikuwa neno moja tu: mkomunisti. Urafiki wake na Nyerere na TANU ukageuzwa ushahidi. Ni kichekesho kwa kweli, maana mtu huyu alikuwa mwana wa mfalme, Mkatoliki, na chama chake cha UPRONA kilitaka ufalme ubaki! Ila neno hilo halikuhitaji kuthibitishwa. Lilihitaji kurudiwa tu hadi watu waogope.

Mwaka 1960 aliwataka wananchi wasusie maduka ya Wabelgiji na wasilipe kodi. Akawekwa kizuizini nyumbani wakati uchaguzi wa komuni ukiendelea, na chama cha PDC kilichopendwa na utawala kikaongoza.

Mwaka uliofuata UPRONA ilijibu kwa ujanja wake. Ilizunguka milimani na jina la Mwami mdomoni. Mwanakijiji aliyeambiwa huyu ni adui wa kiti cha enzi alimwona mbele yake mwana wa kiti chenyewe. Septemba 18, 1961 UPRONA ilitwaa viti 58 kati ya 64, na Rwagasore akawa Waziri Mkuu.

Oktoba 13 alipigwa risasi na Mgiriki Jean Kageorgis akiwa mezani katika hoteli ya Tanganyika, Usumbura. Alikuwa na miaka 29. Mwaka 2021 mwandishi Mbelgiji Ludo De Witte alitoa kitabu kinachowahusisha maofisa wa Ubelgiji na njama hiyo.

Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama Juni 30, 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wakuu wa PDC, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, walinyongwa hadharani Januari 1963, mjini Gitega.