Mtakatifu Isidori, mchimbaji wa mizizi ya maneno

Vijana wapendwa, kila tarehe 4 Aprili Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Isidori wa Sevilla. Wengi wanamwomba kama msimamizi wa intaneti, lakini leo tumtazame kama mtu aliyependa kujua maneno yametoka wapi.

Alizaliwa Hispania karibu mwaka 560. Kaka yake Leandri, askofu wa Sevilla, ndiye aliyemlea. Familia hiyo ilikuwa ya watakatifu tupu: Leandri, Fulgensi, dada yao Florentina, na Isidori mwenyewe. Leandri alipofariki, Isidori akashika nafasi yake na kuongoza jimbo kwa zaidi ya miaka 30.

Kazi yake kubwa ni Etymologiae, yenye vitabu 20. Humo kuna nyota, wanyama, magonjwa, meli, hadi vyombo vya jikoni. Aliamini kwamba ukijua asili ya neno, umeanza kukijua kitu chenyewe.

Kuna mahali alikosea. Neno la Kilatini amicus, yaani rafiki, alilieleza kuwa ni mlinzi wa roho. Wataalamu wa lugha wanasema hapana, linatokana na kupenda. Sawa, lakini fundisho linabaki. Hata neno letu rafiki, lililotoka Kiarabu, lina maana ya mwenzako wa safari. Sasa jiulize: hao unaochati nao mpaka usiku wa manane, wanakupeleka wapi? Na wewe unailinda roho ya nani?

Kuna mahali alipatia kabisa. Homo, yaani mtu, ni ndugu wa humus, udongo. Na kwenye udongo huohuo Kilatini kilipata neno la unyenyekevu.

Hilo Isidori hakuliandika tu. Mwaka 636, alipoona mwisho wake umekaribia, aligawa mali yake kwa maskini. Akapelekwa kanisani, akavikwa gunia, akapakwa majivu, akaomba msamaha mbele ya watu wote. Msomi mkubwa hivyo, tena askofu! Siku chache baadaye akafariki.

Basi wiki hii, kama kuna mtu umemkosea, usisubiri uzee. Mpigie simu, au mwendee kabisa, umwombe msamaha. Sisi ni udongo, na Mungu anatupenda hivyohivyo.

Mtakatifu Isidori, utuombee.