Curtis Mayfield: sauti laini, ujumbe mzito

Wengi tukitaja muziki wa soul, mawazo huenda kwenye mapenzi. Leo tunamtazama Mmarekani mweusi aliyeutumia kuzungumzia umaskini, dawa za kulevya na ubaguzi wa rangi, tena kwa sauti nyembamba isiyo na makelele.

Curtis Mayfield alizaliwa Chicago tarehe 3 Juni 1942. Baba yake aliondoka nyumbani Curtis akiwa bado mdogo, akabaki kwa mama na bibi yake, ambaye alikuwa mhubiri. Gitaa alijifundisha mwenyewe. Kwa kuwa alianzia kwenye vitufe vyeusi vya piano, alizikaza nyuzi zifuate sauti za vitufe hivyo, na hakubadili maisha yake yote. Waliotaka kumuiga walipata taabu.

Akiwa na kundi la Impressions alitunga nyimbo zilizoimbwa katika maandamano ya kudai haki za watu weusi. Mwishoni mwa 1967 walitoa "We're a Winner", wimbo uliowaambia watu weusi kwamba wao ni washindi. Baadhi ya vituo vya redio vya Marekani vilikataa kuupiga. Sisi watu wa redio si vibaya kulikumbuka hilo. Hata hivyo, uliongoza chati ya muziki wa watu weusi.

Jambo lingine halizungumzwi sana: Mayfield alijali nani anamiliki nyimbo. Wakati wanamuziki wengi walilipwa fedha kidogo na haki zote kubaki kwa kampuni, yeye alijisajilia kazi zake, na mwaka 1968 akaanzisha kampuni ya kurekodi, Curtom, pamoja na Eddie Thomas. Ndiyo maana mwaka 1970, alipoacha kundi na kutoa albamu yake ya kwanza peke yake, "Curtis", hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Albamu hiyo yenye nyimbo 8 inaanza na onyo kali kwa watu weusi na weupe pamoja, huku gitaa la besi likinguruma. Kisha "Move On Up", karibu dakika 9 za ngoma na tarumbeta, inamtia moyo aliyekata tamaa. Kwa maoni yetu, hakuna aliyewahi kukemea kwa upole namna ile.

Tarehe 13 Agosti 1990, akipanda jukwaani Brooklyn, upepo mkali uliangusha mitambo ya taa ikampiga. Alipooza kuanzia shingoni kwenda chini. Gitaa likaishia hapo.

Lakini mwaka 1996 alitoa albamu nyingine, "New World Order". Aliimba akiwa amelala chali ili mapafu yapate hewa, mstari mmoja baada ya mwingine, akipumzika katikati. Kisukari kilisababisha akatwe mguu mwaka 1998. Alifariki tarehe 26 Desemba 1999, akiwa na miaka 57.

Vijana mnaoijua "Touch the Sky" ya Kanye West, ya mwaka 2005: zile tarumbeta zimetoka kwenye "Move On Up".