Abram La Rue: Mzee Aliyetangulia Hong Kong

Abram La Rue alizaliwa mwaka 1822 katika jimbo la New Jersey, Marekani, na sehemu kubwa ya maisha yake ilipita kabla hajafikiria kazi ya utume. Alikuwa baharia. Akatafuta dhahabu kama wengi wa siku zake. Umri ulipokuwa umesogea alikuwa akichunga kondoo kaskazini mwa California, na huko ndiko vijitabu vya Waadventista Wasabato vilikomfikia. Alivisoma, akaanza kuishika Sabato. Kisha, akiwa na umri wa miaka sitini hivi, akaenda kuketi darasani pamoja na vijana katika Chuo cha Healdsburg, ili ajifunze Biblia kwa muda mfupi.

Alipotoka hapo aliomba jambo moja: atumwe China.

Kanisa lilikuwa bado changa. Mmisionari wake wa kwanza rasmi, J. N. Andrews, alikuwa amevuka bahari kwenda Ulaya mwaka 1874 tu, na fedha za kazi ya nje zilikuwa chache. Huko China hapakuwa na mwadventista hata mmoja wa kumpokea mgeni. Viongozi waliliangalia ombi la mzee huyu, wakamwangalia na mwombaji mwenyewe, wakaona kwamba umri umempita kwa lugha ngumu kama ile. Kama moyo wake unawaka, basi aende kwenye visiwa vya Pasifiki, tena kwa gharama yake mwenyewe. Haikuwa hukumu ya watu wabaya. Halmashauri nyingi hata leo zingesema hivyo hivyo.

Soma Matendo 16:6–10. Paulo alizuiwa mara mbili kabla hajaonyeshwa mahali pa kwenda. Alifanya nini katikati ya kuzuiwa na kuitwa?

La Rue hakurudi kwa kondoo wake akinung'unika. Katikati ya miaka ya 1880 alifika Honolulu pamoja na mwenzake, Henry Scott, Hawaii ikiwa bado ufalme. Walikuwa wainjilisti wa vitabu kwa maana halisi ya neno hilo: waliuza vitabu na magazeti, wakaongea na watu. Watu walipoanza kutaka kujua zaidi, La Rue hakujifanya mchungaji. Aliandika barua California akiomba mhubiri, naye William Healey akaja, akasimamisha hema na kuhubiri. Yule aliyelima shamba akawa amemkabidhi mwingine mavuno, na hakuna dalili kwamba jambo hilo lilimwumiza.

Lakini China haikumtoka moyoni. Walikuwa wamemwambia visiwa. Na Hong Kong, kwa yeyote atazamaye ramani, ni kisiwa. Mwezi Mei mwaka 1888 alishuka katika bandari hiyo iliyokuwa chini ya Waingereza, mwenye umri wa miaka 65, hana mshahara wa kanisa, hana hata neno la Kichina.

Alianza na kile alichokijua, yaani meli. Bandari ya Hong Kong ilipokea vyombo kutoka pande zote za dunia, na baharia mzee haogopi ngazi ya kamba. Alipanda meli moja baada ya nyingine na vitabu vyake, akaongea na mabaharia kama mtu wa kwao. Aliwakaribisha pia nchi kavu, wapate mahali pa kusoma na kuomba badala ya vilabu vya pombe. Vitabu alivyouza asubuhi huenda jioni vilikuwa vimekwisha kung'oa nanga kuelekea asikokujua. Yeye mwenyewe alisafiri mpaka Shanghai, Japani, Singapore na Borneo, akiuza na kugawa.

Kuhusu lugha, viongozi hawakukosea. Kichina hakikumwingia. Hapo ndipo unyenyekevu wake ulipozaa kitu kikubwa kuliko bidii yake: alimtafuta mtu aliyeweza asichokiweza. Mok Man Cheung, Mchina aliyekijua Kiingereza vizuri, alimtafsiria vijitabu, kimojawapo kikihusu hukumu. Hivyo mzee asiyeweza kukisoma Kichina akagawa maandiko ya kwanza ya Waadventista katika lugha hiyo. Alimpa mtu karatasi asiyoweza kumfafanulia, akamwachia Mungu yaliyobaki. Jaribuni kuwaza darasani siku moja tu ya kazi ya namna hiyo. Yeye aliifanya kwa miaka.

Na miaka ilikuwa mingi. Hakuwa mchungaji aliyewekewa mikono, hivyo hakuweza kuwabatiza wale aliowafundisha. Aliandika barua, akaomba wamisionari watumwe. Nywele zilikuwa nyeupe alipofika; sasa na nguvu zikapungua. Ombi lake lilijibiwa mwaka 1902, karibu miaka kumi na minne tangu ashuke bandarini, walipowasili J. N. Anderson na mkewe Emma, pamoja na Ida Thompson, ndugu yake Emma. La Rue alikuwa na miaka 79. Haukupita muda Anderson akawabatiza watu ambao mzee alikuwa amewaandaa, wakiwemo mabaharia wa manowari ya Uingereza. La Rue alishuhudia.

Alifariki Aprili 1903, akazikwa Hong Kong, katika makaburi ya Happy Valley. Mwaka uliofuata, kule bara, katika mji wa Guangzhou, Ida Thompson alifungua shule ya wasichana iliyoitwa Betheli. Wanafunzi walijifunza Biblia kwa Kichina.