Semboja wa Mazinde

Wengi wetu tukisafiri kutoka Korogwe kwenda Same hupita Mazinde bila kukumbuka kuwa hapo palikuwa makao ya mtawala mashuhuri, Semboja.

Alikuwa mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara aliyekaa Vugha, mlimani. Kimweri alipofariki mwaka 1862, enzi ilimwendea mjukuu wake Shekulwavu, aliyekuwa bado kijana. Semboja, baba yake mdogo, hakuridhika. Alikwisha kutambua kuwa nguvu zimeteremka tambarare, kwenye njia ya misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Pangani. Wazigua walikuwa wametangulia kupata bunduki kwa biashara ya pwani. Semboja naye akajipatia bunduki, akaiteka Vugha na kumtawaza mwanawe. Yeye mwenyewe akakaa Mazinde, penye biashara.

Lakini ushindi huo uliigharimu nchi. Wabondei waliasi na kuwafukuza watawala wa Kikilindi. Vita vya ndugu viliendelea miaka mingi, na watu wengi walikamatwa wakauzwa utumwani. Wajerumani walipoingia walikuta ufalme uliogawanyika. Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa. Tangu hapo mfalme alitawala kwa idhini ya wageni.

Akili na ushujaa Semboja alikuwa navyo. Kilichokosekana ni mapatano nyumbani. Tunapogombea mirathi na vyeo, tukumbuke: vita vya panzi ni furaha ya kunguru.