Bell: Mwalimu wa viziwi aliyetaka sauti ionekane kwa macho

CHINI ya Mlima Longonot, katika Bonde la Ufa, zipo sahani kubwa nyeupe zilizoelekezwa angani. Hicho ni kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilichofunguliwa mwaka wa 1970. Kabla ya nyaya za baharini kutua Mombasa mwaka wa 2009, aliyetaka kuzungumza na jamaa yake ng'ambo mara nyingi alimfikia kwa kupitia hapo. Waliopiga simu enzi hizo watakumbuka jinsi sauti ilivyochelewa kidogo kufika, hata watu wawili wakajikuta wakisema kwa pamoja na kunyamaza kwa pamoja.

Sauti hiyo pia haikufika yote. Laini ya simu ya kawaida hupitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 hivi kwa sekunde na kuiacha mingineyo. Ili kujua imepotea kiasi gani njiani, mafundi hupima kwa desibeli. Kipimo hicho kimebeba jina la mtu ambaye wengi humjua kwa simu tu, ilhali mwenyewe alipenda kujitambulisha kuwa mwalimu wa viziwi: Alexander Graham Bell.

Bell alizaliwa mjini Edinburgh, Scotland, tarehe 3 Machi 1847, katika ukoo ambao kazi yake ilikuwa sauti. Babu yake alifundisha matamshi mjini London na kuwatibu wenye kigugumizi. Baba yake, Alexander Melville Bell, alibuni mwandiko ambao kila alama yake ilionyesha mahali ulimi, midomo na koo vinapokaa sauti inapotolewa. Aliuchapisha mwaka wa 1867 na kuuita Visible Speech, yaani usemi unaoonekana. Alipouonyesha hadharani, mwanawe alitolewa nje ya ukumbi. Wasikilizaji walitoa sauti za ajabu ajabu, baba akaziandika, kisha kijana akaingia, akasoma alama na kuzirudia sauti zile zile alizokuwa hakuzisikia.

Mama yake, Eliza, alikuwa akipoteza uwezo wa kusikia. Wengine walimzungumzisha kwa kupaza sauti kwenye mrija aliouweka sikioni. Mtoto huyu alisema naye kwa sauti ya chini, mdomo ukiwa karibu na kipaji cha uso wake. Huenda hapo ndipo alipojifunza kwamba sauti ni mtikisiko kabla ya kuwa maneno.

Akiwa bado kijana, yeye na nduguye Melville walitengeneza kichwa bandia chenye koo, ulimi na midomo, wakakipulizia hewa hata kikatamka neno linalofanana na mama. Katika mwaka wa 1865 na 1866, akifundisha katika mji wa Elgin, aliweka mdomo wake katika umbo la irabu moja baada ya nyingine na kutikisa mbele yake uma za chuma, kila mmoja ukiwa na idadi yake ya mitetemo kwa sekunde. Uma uliovuma zaidi ulimjulisha kimo cha mwangwi wa kinywa kwa irabu ile. Alikuwa hajafikisha miaka 20. Alipoyapeleka matokeo kwa msomi Alexander Ellis, aliambiwa kwamba Mjerumani Hermann von Helmholtz amekwisha kumtangulia.

Bell hakukijua Kijerumani vyema. Alipokitazama kitabu cha Helmholtz alidhani mwanasayansi huyo amepitisha irabu katika waya kwa nguvu za umeme, jambo ambalo halikuwa hivyo. Kosa hilo la kusoma lilimtia wazo ambalo hakuliacha tena.

Kifua kikuu kiliwaua nduguze wawili, Edward mwaka wa 1867 na Melville mwaka wa 1870. Wazazi walimchukua aliyebaki wakahamia Brantford, Canada. Mwaka uliofuata alianza kufundisha watoto viziwi mjini Boston, Marekani, na mwaka wa 1873 Chuo Kikuu cha Boston kikamfanya profesa wa elimu ya viungo vya sauti.

Shida aliyokutana nayo darasani ilikuwa hii: mtoto asiyesikia hana namna ya kujua kama sauti aliyotoa imelingana na ya mwalimu. Mwalimu humwambia imekosea, lakini kukosea huko kumo katika sikio la mwalimu. Bell alitaka kosa liandikwe mahali ambapo wote wawili wangeliona.

Mwaka wa 1874 daktari wa masikio wa Boston, Clarence Blake, alimpatia sikio la maiti. Bell alifunga unyasi mwembamba kwenye vifupa vyake na kuweka chini yake kioo kilichopakwa masizi. Aliposema ndani ya sikio, ngoma yake ilitikisika, vifupa vikafuata, na unyasi ukachora mawimbi juu ya masizi. Nia yake ilikuwa mwanafunzi aige mchoro wa mwalimu mpaka michoro ifanane. Ilikuwa sauti ya mwanadamu ikijiandika yenyewe, pasipo mtu kuamua kama ni nzuri au mbaya.

Michoro ile haikuwafaa sana watoto, kwani ilikuwa migumu kusomeka. Hata hivyo njia ilikuwa imefunguliwa. Baada ya Bell kufa, wahandisi wa maabara zenye jina lake walitengeneza spektrografu, mashine inayochora sauti kwa mistari ya weusi na weupe kulingana na nguvu ya kila mtetemo. Kitabu walichokitoa mwaka wa 1947 walikiita Visible Speech, jina alilolitumia baba mtu miaka 80 kabla.

Mtu aliyepwelewa na sauti kwa majuma kadhaa, mathalani mwalimu anayepigia kelele darasa lililojaa kutoka asubuhi hadi jioni, leo anaweza kupimwa kwa uzao wa fikra hiyo. Huambiwa atoe irabu moja kwa sekunde chache mbele ya maikrofoni. Kompyuta huhesabu mitetemo ya nyuzi za sauti, ambayo huwa 100 na kitu kwa sekunde kwa mwanamume na karibu 200 kwa mwanamke. Kisha huangalia kila mtetemo umepishana kiasi gani na uliotangulia kwa muda na kwa nguvu, na ni sehemu gani ya sauti iliyo mvumo safi na ipi ni pumzi inayovuja. Nyuzi zenye uvimbe hazifungiki sawasawa, na hilo hujitokeza katika tarakimu.

Faida yake ni kwamba masikio ya madaktari wawili huweza kutofautiana juu ya mkwaruzo ule ule, na sikio la leo hulisahau la mwezi uliopita. Tarakimu zilizochukuliwa kwa njia ile ile kabla na baada ya matibabu hulinganishwa. Lakini zina mpaka: sauti iliyoharibika mno haina mtetemo wa kuhesabika, na hakuna tarakimu inayoweza kumwambia daktari kama uvimbe ni wa kawaida au ni saratani. Ni lazima koo litazamwe.

Turudi kwa Bell. Sikio lile la maiti lilimfunza jambo jingine: ikiwa utando mwembamba unaweza kusukuma mifupa mizito kuliko wenyewe, basi utando mkubwa zaidi ungeweza kusukuma chuma mbele ya sumaku. Hati ya kumiliki uvumbuzi wa simu alipewa tarehe 7 Machi 1876. Elisha Gray alikuwa amepeleka maelezo ya chombo kama hicho siku ile ile Bell alipowasilisha ombi lake, na kesi zilizofuata zilikuwa nyingi mno. Bell alizishinda, akatajirika. Mwaka wa 1879 alitengeneza kifaa cha kupimia usikivu, akakitumia kuwapima watoto wa shule.

Laiti simulizi ingeishia hapo. Mwaka wa 1877 Bell alimwoa Mabel Hubbard, aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye homa ilimfanya kiziwi akiwa na miaka mitano na ambaye alisoma midomo kwa ustadi mkubwa. Bell akaamini kwamba alichoweza Mabel kila kiziwi angekiweza, akatumia fedha na jina lake kupigania shule zifundishe kutamka na kuachana na lugha ya ishara. Mwaka wa 1883 alitoa andiko lililoonya kwamba viziwi wakiendelea kuoana watazaa tabaka la watu viziwi. Hakutetea sheria ya kuwakataza, ila alitaka shule na vyama vilivyowakutanisha vipunguzwe.

Mabel alikuwa amejifunza kusema kabla ya kuugua. Wengi wa watoto waliolazimishwa njia yake walizaliwa bila kusikia, wakapoteza miaka wakifunzwa sauti badala ya elimu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo mpimaji alisahau kwamba kinachopimwa ni sauti, si mwenye sauti. Fikra hiyo ilifika hata kwetu, ambako shule za viziwi zilifuata njia ya matamshi hadi miaka ya 1980. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Bell alifariki kwa maradhi ya kisukari nyumbani kwake Nova Scotia, Canada, tarehe 2 Agosti 1922, Mabel akiwa kando yake. Siku mbili baadaye, alipokuwa akizikwa, simu zote za Marekani na Canada zilinyamazishwa kwa dakika moja.