Henry Bazett, mtu aliyeupa moyo kanuni ya mapigo

Mjini Kisangani, kama kwingine katika jimbo la Tshopo, malaria ni ugonjwa wa kila siku na kwinini ni dawa inayojulikana na wengi. Dawa hiyo inaweza kurefusha QT, yaani muda tangu vyumba vya chini vya moyo vipate umeme hadi vitulie tena. QT ikirefuka kupita kiasi, mapigo yanaweza kuvurugika ghafla na mgonjwa akafa.

Kanuni inayotumika zaidi kuisahihisha QT ina jina la Henry Cuthbert Bazett, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1885. Alisomea Oxford, kisha akawa daktari wa jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia na kutunukiwa nishani ya Military Cross.

Mwaka 1920 alichapisha uchunguzi wa vijana 39 wenye afya. Moyo ukienda mbio, QT hufupika. Hivyo Bazett aliigawa kwa kipeuo cha pili cha muda kati ya pigo na pigo. QT ya sekunde 0.36 katika mapigo yanayoachana kwa sekunde 0.64 husahihishwa kuwa 0.45, kiwango ambacho kwa mwanamume huanza kumtia daktari wasiwasi.

Hesabu ni rahisi mno, na pengine ndiyo sababu imedumu. Lakini inadhani moyo unapiga kwa mpangilio. Mapigo yakiwa hayana utaratibu, pigo moja likifuata lingine baada ya sekunde nzima, QT ileile ya 0.36 hubaki 0.36. Mgonjwa ni yuleyule, karatasi ni ileile, majibu mawili. QT yenyewe haibadiliki papo hapo kila mwachano unapobadilika. Ndiyo maana madaktari hupima mapigo mengi, mara nyingi kumi, na kuchukua wastani. Anayechagua pigo moja anaweza kumnyima mgonjwa dawa anayoihitaji, au kumpa ile itakayomdhuru.

Bazett mwenyewe hakubaki kwenye moyo. Mwaka 1921 alihamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na kutumia miaka mingi kuchunguza joto la mwili.

Alifariki Julai 1950, akiwa safarini kwenda mkutano wa wanafiziolojia Copenhagen, mji wa Louis Fridericia, aliyependekeza kipeuo cha tatu mwaka uleule wa 1920.