Liang Sicheng: Aliyetetea kuta za Beijing

MSANIFU majengo Liang Sicheng alizaliwa Tokyo, Japani, mnamo 1901, babake, mwanamageuzi Liang Qichao, akiwa uhamishoni. Baada ya kusomea Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, alizuru mikoa ya Uchina pamoja na mkewe, Lin Huiyin, wakipima na kuchora mahekalu ya kale.

Mnamo 1950, yeye na mpangaji miji Chen Zhanxiang waliishauri serikali mpya ijenge ofisi zake magharibi mwa mji mkongwe wa Beijing, ili mji huo usalimike. Aidha, alipendekeza sehemu ya juu ya kuta zake igeuzwe bustani ya umma. Ushauri huo ulikataliwa. Malango na kuta vilibomolewa kupisha barabara na, kuanzia 1965, reli ya chini ya ardhi.

Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, Liang aliteswa na kudhalilishwa. Alifariki Januari 1972.

Lango la Yongdingmen, lililobomolewa 1957, lilijengwa upya miaka ya 2000. Majuto ni mjukuu: lango jipya lafanana na la kale, lakini silo.